Hata Gramu Moja

Ijumaa, saa tisa alasiri

Paluku alimwaga chumvi mezani, akachora ofisi ya kampuni ya dhahabu kwa kidole.

"Huku portail, geti. Huku chumba ya machine. Zahabu banapimiaka mu chumba ileile. Hapana kuigusa. Ata gramme moja."

Osée, dereva wa pikipiki wa genge, alicheka. "Grand, tunaingia mu nyumba ya zahabu, tunatoka na disque? Siye ni bamwizi ao ba pasteur?"

"Ukibeba zahabu, uko mwizi. Ukibeba disque tu, uko témoin, shahidi. Avocat, wakili yetu, alisema vile."

Walikuwa chumba cha nyuma cha mgahawa wa mama Kahindo, mtaa wa Lumumba. Miaka mingi Kahindo aliwapikia majambazi hawa na kuwatunzia siri. Na miaka hiyo yote Paluku hakuwahi kuiba bure. Lakini safari hii aliyeomba ni mdogo wake, Angélique, aliyekaa karibu na mlango, macho mekundu.

Habari yenyewe ilikuwa chafu. Kampuni ya dhahabu ilifunga mashine ya akili bandia kwenye machimbo yake kule Kilo. Kamera zinatazama kuta za mashimo, mashine inasema ukuta upi utaanguka, na onyo linafika ofisini Bunia. Wanunuzi wa Ulaya wana sheria yao: juu ya mashine kama hiyo lazima akae mtu, na mtu huyo akisema simama, kazi isimame. Mtu huyo alikuwa Félicien, mume wa Angélique. Siku moja mashine ilionya. Félicien akasema simama. Mkurugenzi akasema endeleeni. Ukuta wa shimo la nne ukalala juu ya watu.

Félicien akapiga ile namba ya siri ya kampuni, inayoahidi kwamba mtoa taarifa hatajulikana. Kumbe simu yenyewe ilikuwa inalia mezani kwa mkurugenzi! Wiki haikuisha, polisi wakamchukua, eti alilala kazini, eti yeye ndiye aliyeua. Sasa alikuwa anakohoa damu gerezani. Na Jumatatu kampuni ingefuta diski ya mashine, iliyorekodi sauti yake siku ile. Wao waliita kazi hiyo matengenezo.

"Kesho ni salongo, usafi ya mtaa," alisema Paluku. "Batu bote watakuwa inje na mafagio."

Kahindo alikusanya vikombe. Mwanawe wa pekee, Héritier, alikuwa chini ya ukuta ule. Kampuni haikumtoa. Ilisawazisha kifusi kwa tingatinga, ikaendelea kuchimba.

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi

Maduka yamefungwa. Mtaa mzima unafagia mitaro, na walinzi wa kampuni nao wameshika majembe, maana chefu wa kitaa, mkuu wa mtaa, hana utani na faini. Nani amtazame mtu mwenye toroli siku ya salongo? Mlinzi Antoine, aliyekuwa upande wao, aliacha mlango wa nyuma wazi. Osée alibaki nje akifagia palepale, palepale.

Ndani, Paluku alilegeza skrubu. Jasho lilimwingia machoni. Kahindo, aliyekuja kuwachungia njia, alisimama dirishani, kando ya meza ya mizani. Mpimaji alikimbilia salongo akaacha vipakiti vya dhahabu juu ya meza, kila kimoja na namba ya shimo lake.

"Haraka, mama. Kuko mutu?"

"Hakuko mutu. Tengeneza kazi yako."

Diski ikatoka. Plastiki. Torolini. Tope juu yake.

Getini chefu wa kitaa aliwazuia. "Ile matope munapeleka wapi?"

Paluku alikaza mikono kwenye toroli.

"Ku shimo, papa," Kahindo akajibu. "Ao tukuachie upelekee madame yako?"

Watu wakaangua kicheko. Wakapita.

Jumamosi, saa sita mchana

Mkaguzi wa wanunuzi, Gertrude, aliyetoka Kinshasa, aliunganisha diski kwenye kompyuta yake hotelini. Sauti ya Félicien ikajaa chumba: "Mutoe batu! Mutoe batu mu shimo ya ine!" Angélique aliziba mdomo kwa kitenge, akalia.

Ndipo simu ya Gertrude ikalia. Alipoikata, aliisukuma diski mbali naye.

"Directeur anasema ni wizi. Zahabu ilipotea pa meza."

"Hapana, madame!" alisema Paluku.

"Loi, sheria, inalindaka mutu mwenye kuleta preuve, ushahidi. Mwizi, hapana. Zahabu irudi na mwenye alibeba ajulikane leo. Bila vile, disque narudisha kwa kampuni."

Nje, Paluku alimkaba Osée, akampiga, akampekua hadi soksi. Hakuna kitu.

"Grand," Osée alitema damu, "ni ile siku moja tu sikuiba."

Paluku alimwachia. Aliona tena ile meza ya mizani, na nani aliyesimama kando yake.

Jumamosi, saa nane mchana

Nyuma ya jikoni la mgahawa palikuwa na tuta dogo la udongo mbichi. Kahindo ameoga, amejifunga kitambaa cheupe, ameketi chini.

"Mama. Iko wapi?"

"Iko mu kaburi. Ni ya shimo ya ine." Hakugeuka. "Familia walisema nizike mugomba pa nafasi yake, juu mwili haiko. Paluku, miye sikuzaa mugomba. Mutoto wangu iko mu ile udongo zahabu ilitoka. Walimusaga pamoja nayo."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Paluku hakuwa na mtoto. Angélique, aliyemfuata, alipiga magoti. "Mama, nakuomba. Bila zahabu na jina, madame anarudisha disque kwa kampuni. Félicien atakufa kule ndani."

Kahindo alimtazama. Kisha akasogea pembeni ya tuta.

Paluku alichimba kwa mikono. Kipakiti kilikuwa kimefungwa ndani ya shati la shule la Héritier. Alifikiri kujitaja yeye mwenyewe, kweli alifikiri. Lakini kampuni ingesema ndugu wa mke ndiye aliyepanga yote, na neno la Félicien lingekufa hapohapo. Basi mtu huyu ambaye hakuwahi kumtaja mwenzake, hata chini ya fimbo, akachukua simu, akampigia Gertrude, akasema jina la Kahindo.

Polisi walifika kabla jua halijazama, wakachukua kipakiti. Kahindo alipanda gari lao bila kushikwa.

"Mume wako atatoka," alimwambia Angélique. "Umupikie muzuri." Kisha akamgeukia Paluku. "Na weye, siku nitakufa, usikuye kwa matanga yangu."

"Ndiyo, mama."

Gari likaondoka. Paluku alirudi nyuma ya jikoni, akaweka lile shati shimoni, akaanza kurudisha udongo.