Swali la Tumbo Moja

Kila wakitoka shuleni, Kasuku alifua sare, naye Kifungo akasuuza na kuanika. Kasuku alipewa jina hilo kwa kuongea sana. Kifungo alipewa lake kwa udogo, na kwa kumganda dada yake popote aendapo. Kazi hiyo ilikuwa na zogo lake: huyu kamrushia mwenzake povu, yule kaficha sabuni, mpaka bibi yao awakemee kutoka barazani kwenye cherehani chake. Lakini siku hiyo walifua kimyakimya.

Kesho yake walikuwa na mahojiano katika ofisi ya vibali vya safari. Mama alikuwa nchi ya mbali, akifua mashuka ya hospitali, na alikuwa ameomba kibali cha kuwachukua wote wawili wakaishi naye. Kilichomkosesha Kasuku raha ni kwamba Kifungo hakuzaliwa na mama. Alizaliwa na mama mdogo, aliyefariki mtoto akiwa bado anatambaa. Mama alimchukua akamlea, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuuliza nani katoka tumbo gani.

"Huko watauliza," mjomba aliwaambia wote wawili jioni ile. Alikuwa fundi simu, mtu ambaye hakuna jambo asilolijua, au tuseme hakuna asilolisemea. "Watu wa ofisi hawataki habari za mama mdogo. Wakikuuliza, sema tumbo moja, basi. Ukisema vingine, huyu anabaki."

"Na wakigundua?"

"Watagundulia wapi? Haya, tumbo gani?"

"Moja," Kasuku akajibu kwa sauti ndogo.

Bibi alikuwa amekwenda kumpima mteja, hakusikia neno. Kasuku alitamani kumwambia, ila aliogopa. Bibi angekataa uongo huo, halafu Kifungo abaki, na kosa liwe lake. Nani angemsaidia hesabu? Angemganda nani?

Asubuhi alikuwa akimpigia Kifungo shati pasi, mtoto akamsogelea.

"Dada, nikisema tumbo moja, yule aliyenizaa nitakuwa nimemweka wapi?"

Kasuku alipiga pasi palepale, mpaka bibi akauliza kama anataka kulitoboa shati la watu.

Bibi na mjomba waliwasindikiza hadi ofisini, ambako afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyomteleza puani. Aliwaita mmoja mmoja, Kifungo kwanza. Mtoto alikaa ndani muda mrefu, akatoka uso umemwiva. Kabla Kasuku hajamuuliza kitu, jina lake likaitwa. Mjomba akamkonyeza.

"Shikamoo," alisema Kasuku.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Huyu kijana ni nani wako?"

"Mdogo wangu."

"Tumbo moja?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza.

"Hapana. Mama yake alikuwa mama mdogo. Alifariki, mama akamlea. Ila ni mdogo wangu kweli, mama. Nakuombeni msimwache." Hapo akaanza kulia.

Afisa akaweka kalamu chini. "Nani amekufundisha kujibu hivyo?"

"Hakuna. Nilifundishwa jibu lingine."

Afisa alijitahidi asicheke, akashindwa. Akawaita wote ndani.

"Mama yenu alitueleza tangu mwanzo kwamba huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wake, na mahakama ilimpa haki ya kumlea," alisema. "Sheria inamruhusu kumchukua. Lakini mngeniambia tumbo moja, ningejiuliza nani mwongo, mama au watoto, na ningesimamisha safari ya wote wawili. Sasa sioni kizuizi. Kibali kitatoka."

Mjomba alikohoa. "Mimi nilidhani..."

"Ulidhani, hukuuliza," bibi akamkata. "Mahakamani nilikwenda mimi mwenyewe."

Mjomba akaanza kuangalia viatu vyake.

Walipofika nje, Kasuku alimshika mdogo wake mkono. "Wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nina mama wawili, na mmoja ananisubiri. Akaniuliza jina la aliyenizaa. Nikalitaja lote, na la baba yake."

Bibi alisimama katikati ya njia. Aliyemzaa Kifungo alikuwa kitindamimba wake, na nyumbani watu walikuwa wameacha kulitaja jina lake, wakiogopa kumliza. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Sikilizeni, wajukuu zangu," alisema. "Mjomba wenu alitaka kuwasaidia, lakini uongo hauwi mzuri kwa sababu umesemwa kwa mapenzi. Leo ungewaharibia safari yenu, na ungemfuta mwanangu. Semeni kweli hata mkitetemeka."

Kisha akamgeukia Kifungo. "Hebu litaje tena hilo jina, nilisikie."