Mashabiki Mlangoni kwa Mjane

Jamaa zangu, haya yalitokea Malindi miaka ya themanini, wakati kaseti za taarab zilipokuwa zikilia katika kila duka. Baadhi yenu mlikuwapo. Pengine yupo kati yenu aliyeokota jiwe, naye namwomba asome mpaka mwisho.

Asubuhi moja Mahfudha alikuwa jikoni akikaanga mahamri. Mumewe, Mahdi, alikuwa uani akikaza nyuzi za udi wake, na binti yao Hindu amemng'ang'ania mgongoni, anataka aimbiwe wimbo wa skuli. Basi mwimbaji huyo, aliyejulikana tangu Lamu hadi Mombasa, akaimba wimbo wa kuhesabu vidole kwa madaha yote, kana kwamba yuko mbele ya bibi harusi. Mahfudha alicheka hata mahamri yakataka kuungua.

Lakini nyumba ile ilikuwa na siri. Daktari alikuwa amemwambia Mahdi kwamba moyo wake ni mgonjwa, na kwamba asiimbe mpaka apimwe tena. Aliwaambia mkewe na ndugu yake Mahadhi peke yao, akawaapisha wasimwambie mtu.

"Watu wakisikia naumwa," alisema, "watanizika ningali hai."

Mahamri hayajapoa, Mahadhi akabisha hodi. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea mialiko ya nduguye.

"Kuna harusi Kilifi," alisema. "Wenyewe wamekwisha tangaza jina lako. Wimbo mmoja tu, ndugu yangu."

"Shemeji, si umesikia alivyosema daktari?" Mahfudha aliuliza.

"Mmoja tu, shemeji. Nitamrudisha mapema."

Mahdi akavaa kanzu, akaenda. Huko watu walimtaka huu, wakamtaka na ule, naye hakujua kuwanyima. Alirudi siku ya pili uso umempauka, akaomba maziwa ya moto. Majirani waliokuja kumjulia hali walimwona Mahfudha akimnywesha kwa mkono wake. Hakukimaliza kikombe kile. Akafa amemwegemea mkewe begani.

Redio ilipotangaza, mji ulizizima. Maduka yalifungwa. Watu walikuja kutoka Tezo, wengine walitembea kutoka Ganze, na wanaume wazima walilia barabarani bila kujificha. Siwalaumu. Mtu akishakuimbia harusini mwako, huwezi kumwona mgeni.

Ila tazameni tulivyofanya baadaye. Waliokuja kuhani walitoka na vitu vyake. Huyu kachukua kofia, yule kikoi, eti kumbukumbu. Mahfudha alikuwa ameingia eda, amevaa nyeupe, hatoki wala haonekani na wanaume wasio maharimu zake. Hakupiga mayowe. Machozi yake aliyafuta kwa ncha ya mtandio, kimya kimya. Hilo likawa kosa lake.

"Mbona halii?" mmoja aliuliza.

"Wewe! Si alionekana akimnywesha maziwa?" mwingine akajibu.

Maneno hayo yalipofika Bofa, maziwa yalikuwa yamegeuka sumu.

Mjane wa eda atajitetea vipi? Hawezi kwenda sokoni kumkabili mtu. Habari za nje aliletewa na jirani yake Kasiva, mwanamke fundi wa cherehani aliyehamia kutoka Ukambani. Ndiye aliyemtekea maji wakati majirani wengine walipoacha kupita. Na ndiye aliyemrudisha Hindu kutoka skuli siku ile wenzake walipomwita mtoto wa muuaji.

"Mama Hindu, mbona husemi?" Kasiva alimwuliza kwa uchungu, maana baada ya msiba Mahfudha alikuwa amemfunulia siri ya ugonjwa. "Waambie alikuwa mgonjwa!"

"Nikisema, watauliza nani alimpeleka Kilifi kuimba. Watamwendea Mahadhi. Nimeshazika mmoja, Kasiva. Sitaki kuzika wa pili."

"Na wewe je? Na mtoto?"

 Mahfudha alimvuta Hindu karibu, akaanza kumsuka nywele zilizokuwa zimekwisha sukwa.

Mahadhi naye alikuwa akija kila siku. Alikaa barazani, akauliza nyuma ya pazia kama unga upo, kama sukari ipo, kisha akaondoka haraka. Yaliyokuwa yakisemwa aliyasikia yote. Aliogopa.

Siku ya khitma ya arobaini watu walijaa mpaka njiani. Dua ilipokwisha, Dena, muuza kaseti aliyejiita shabiki wa kwanza wa marehemu, alipanda juu ya ukingo wa baraza.

"Atoke!" alipiga kelele. "Atwambie alimpa nini Mahdi wetu!"

"Atoke!" wakaitikia.

Jiwe likaruka, likavunja kioo cha dirisha. Ndani, Hindu akapiga ukelele. Mahfudha alimwona mwanawe ameshika uso, damu ikimpita kati ya vidole. Kasiva, aliyekuwa naye ndani, ndiye aliyemnyakua mtoto akatoka naye.

"Mtazameni!" alisema. "Mnamlilia baba, mnamtoa damu mwanawe!"

Makelele yakakatika. Hindu alikuwa na uso wa Mahdi mtupu, na kila mtu aliuona. Hapo Mahadhi akasimama.

"Ndugu yangu aliugua moyo," alisema. "Daktari alimkataza kuimba. Shemeji alinikumbusha, nami nikampeleka vivyo hivyo. Kisha nikamwacha mjane atukanwe, kwa kuwaogopa nyinyi."

Dena akamkamata ukosi. "Kumbe ni wewe!"

"Mwachilie!"

Sauti ilitoka ndani, nyuma ya mlango. Wengi walikuwa hawajapata kumsikia Mahfudha akisema kwa nguvu.

"Mahdi alikwenda kwa kuwapenda. Mlimtaka wimbo baada ya wimbo, na hakuna aliyemwuliza kama amechoka. Mkitafuta wa kulaumiwa mtaumaliza mji. Siku yake ilifika. Nipelekeeni mwanangu hospitali!"

Dena akauachia ukosi. Ndiye aliyekimbia kutafuta gari.

Mahfudha alibaki amekaa sakafuni kwenye vipande vya kioo, akiomba Mungu. Kabla ya magharibi Kasiva alirudi, na kelele zake zilimtangulia njiani: "Jicho zima, Mama Hindu! Jicho zima!" Jeraha lilikuwa la juu ya nyusi, limeshonwa. Mahfudha akamkumbatia mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia kwa sauti, akaachia kilio chote. Wanawake wakaingia mmoja mmoja, wakalia naye. Nje, Mahadhi alilia peke yake, kisha Dena akaenda akakaa karibu naye.

Wiki ile kofia ilirudi. Kikoi kilirudi, kimefuliwa na kukunjwa. Majirani wakaanza tena kuleta vyakula, na Hindu alirudi skuli akiwaonyesha wenzake nyuzi za jeraha lake kwa majivuno.

Funzo

Mwimbaji ni wetu anapoimba. Akifa, ni wa mkewe na wanawe kwanza, na sisi tunafuata nyuma. Tusipime huzuni ya mjane kwa ukubwa wa mayowe yake, wala tusigeuze uchungu wetu kuwa kesi ya kumtafutia mtu hatia. Na wewe unayejua ukweli unaoweza kumwokoa mwenzio, useme mapema. Hindu alipona, alhamdulillahi. Lile jiwe lingeshuka kidogo tu, leo tungekuwa tunasimulia mengine.