Mkono Huu Si Wangu

"Mkono huu si wangu."

Wino alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kazi, kitabu kipya cha watoto amekifungua kifuani. Mkewe hakugeuka. Alijifanya anatafuta rangi ya paa la nyumba kwenye kompyuta.

"Bi Rangi, nasema na wewe."

"Nimekusikia. Mkono wa nani?"

"Mkono uliochora fimbo ya huyu bibi! Mimi niliichora hivi."

Akatandaza karatasi yake ya wino mezani, kando ya kitabu. Kwenye karatasi fimbo ilijipindapinda kama imechorwa ndani ya gari linalopita kwenye mashimo. Kwenye kitabu ilisimama wima.

"Ni rangi tu hiyo. Rangi huficha mambo."

"Usinifanye mtoto, mke wangu."

Miaka kumi na mmoja walifanya kazi hivyo: Wino anachora kwa kalamu na wino, mkewe anaziingiza karatasi kwenye kompyuta, anazisafisha madoa, anazipaka rangi. Ndiyo maana watu wa vitabu waliwabatiza Wino na Bi Rangi. Kazi ya mke ilikuwa kujaza ndani ya mistari. Mistari yenyewe haikuwa yake, na alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

"Tangu lini?"

Bi Rangi akaweka kalamu ya kompyuta chini.

"Tangu kile kitabu cha sungura."

"Miezi saba?"

"Mwanzoni ilikuwa mistari miwili mitatu. Niliona mkono unatetemeka, nikasema umechoka, acha nikunyooshee."

"Halafu?"

"Halafu ikawa kila ukurasa."

Alisubiri kelele. Kelele angeziweza, alizaliwa kwenye nyumba ya kelele. Lakini Wino alivuta kiti akakaa polepole, kama mgeni.

"Unajua kila kitabu kilipotoka nilikuwa nafanya nini? Nakifungua, naangalia mistari yangu, najiambia: kumbe mkono mzima, ni macho tu yananitania. Dada aliponiambia niende hospitali, nilimwonyesha vitabu. Nikamwambia, mgonjwa gani anachora hivi?"

Hilo Bi Rangi hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Alidhani anamsitiri mumewe, kumbe alikuwa amemfunga kitambaa machoni.

"Nilifanya kwa sababu nakupenda."

"Ungenipenda ungeniambia."

Wino akachukua mashati mawili, akaenda kwa dada yake.

Siku ya tatu simu ikaita. Wifi.

"Abee, wifi."

"Usiniitikie kwa adabu, adabu ungeitumia mapema. Leo nimempeleka kwa daktari."

"Amesemaje?"

"Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hauponi, ila kuna dawa za kupunguza mtetemo. Angeanza mapema, asingehangaika hivi. Daktari akamuuliza, 'Ulikuwa wapi miezi yote hii?' Unajua kaka yangu alijibu nini?"

"Sijui."

"'Nilikuwa nasoma vitabu vya watoto.' Daktari akacheka. Mimi sikucheka."

"Wifi, naomba niongee naye."

"Hataki. Na nikwambie ukweli, ungekuwa na mwanamume huko nje ningejua pa kuanzia kukutukana. Sasa umemkosea kwa huruma, nikutukane vipi?"

Simu ikakatwa.

Bi Rangi alimwandikia mumewe ujumbe, akafuta, akaandika tena:

"Sikuogopa tukose kazi. Niliogopa siku utakayoniuliza kama naona unavyotetemeka, na mimi nijibu ndiyo. Nisamehe."

Baada ya siku mbili Wino akaandika:

"Mchapishaji amesemaje kuhusu kurasa mpya nilizokuachia?"

Hapo angeweza kumdanganya kidogo, kwa wema ule ule. Vidole vilishaanza kuandika "zimempendeza". Akafuta.

"Nimempelekea kama ulivyochora. Nimemwambia na yote niliyofanya. Anasema zikiwa hivyo hazifai. Zinyooshwe, au atafute mchoraji mwingine. Pole, mume wangu. Sitakuficha tena, hata liwe baya vipi."

Ujumbe ulisomwa.

Kesho yake asubuhi mlango ukafunguliwa. Wino hakusalimu. Alisogeza kiti hadi kando ya mkewe, mbele ya kompyuta.

"Fungua ukurasa wa kwanza."

Akafungua: mtoto wa kike, kuku, kibanda.

"Nionyeshe unavyofanya. Ila usiguse mstari hata mmoja bila neno langu."

"Huu wa bawa?"

"Uache. Kuku gani ana manyoya yaliyopigwa pasi?"

Bi Rangi alitaka kucheka, akaogopa.

"Huu wa paa?"

"Uache. Ni kibanda cha kuku, si ikulu."

"Na huu?"

Lilikuwa jicho la mtoto. Mstari ulikuwa umeteleza nje ya kope hadi shavuni. Wino aliinama akalitazama. Mkono wake ulitetemeka juu ya goti, na safari hii hakuuficha.

"Huo nyoosha."

Kwa miezi saba Bi Rangi alikuwa akiinyoosha mistari ya namna hiyo kwa sekunde, hata huku anakunywa chai. Sasa kalamu ilimlemea.

"Siwezi."

"Ulikuwa unaweza nisipokuwepo."

Maneno hayo yalimchoma, na alijua ni haki yake kuchomwa. Akafuta machozi kwa mkono wa gauni, akaanza.

"Hapo," Wino alisema. "Polepole. Hapo hapo. Basi, umezidisha, rudi."

Bi Rangi akaurudisha mstari nyuma, akasubiri neno lake.