Madoa ya Samia

Ndugu zangu, nitawasimulia jambo lililompata mwenzetu Masudi, na nitalisema kama lilivyokuwa, maana wengi wetu tulikuwepo na tulinyamaza.

Masudi aliuza sululu, kamba na mabuti ya mpira kwenye senta moja ya wachimbaji wa dhahabu, nje kidogo ya Katoro. Mkewe Shamimu, ambaye ni mtoto wa ami yake, alikaanga maandazi. Walipendana, na binti yao Samia alikuwa mcheshi, mwenye maswali mengi. Mchana alilelewa na jirani yao Agnetha, mjane wa Kisukuma aliyeshona nguo nyumbani kwake. Asubuhi mtoto alipelekwa, jioni akarudi ameshiba, anaimba.

Samia alipotimiza miaka mitatu, madoa meusi yakaanza kumtokea. Masudi alimkagua kila jioni. Usoni yapo, shingoni yapo, mikononi yapo. Tumboni na mgongoni, ngozi safi kabisa.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Yapo palepale mlezi anapomshika."

"Baba Samia, mama Agnetha anasema jua ndilo linamuumiza. Akicheza nje kidogo tu, ngozi inawaka na macho yanatoa machozi. Ndiyo maana anamweka ndani."

"Jua! Watoto wote wa senta hii wanashinda juani. Wa kwetu tu ndiye aonewe na jua?"

Tangu siku hiyo hakutulia. Aliacha duka akapita nyuma ya nyumba ya Agnetha kuchungulia, akakuta pazia limeshushwa. Kwa nini pazia mchana? Siku nyingine Samia akarudi amevaa gauni jipya la mikono mirefu, na kofia pana ya kitambaa. Kwa nini kumfunika mtoto mwili mzima kwenye joto hili? Kila wema wa yule mama, Masudi aliugeuza akaona upande wake wa nyuma. Gauni akalichoma moto.

Kisha akafanya kosa kubwa zaidi: alisema hadharani kwamba Agnetha anamroga mtoto.

"Mmeyaangalia macho ya yule mama?" aliwauliza majirani. "Mekundu vile, ya nini?"

Yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kutunga uzi kwenye chumba chenye giza. Nani kati yetu aliuliza? Wateja wakaacha kupeleka nguo. Mawe yakaanza kutua juu ya bati lake. Wiki ya tatu Agnetha alipakia cherehani kwenye bodaboda, akaenda kwa kaka yake Ushirombo. Samia alilia akimfuata, baba yake akamshika mkono.

Sasa mtoto akawa anashinda na baba yake kwenye kibaraza cha duka, asubuhi hadi jioni, uso wazi. Madoa hayakupungua. Yaliongezeka, ngozi ikakauka na kupasuka. Masudi akaanza kumshuku muuza maji, halafu mpangaji wake, mwishowe mkewe. Maji aliyoletewa na Shamimu hakuyanywa mpaka mke ayaonje kwanza. Miaka miwili nyumba ile iliishi hivyo, hadi kinundu kilipoota chini ya jicho la kushoto la Samia, kikaanza kutoa damu.

Hospitalini, daktari Theonest alimvua mtoto nguo, akatazama uso, kisha tumbo.

"Madoa yako kwenye sehemu zilizo wazi tu," alisema. "Yalianza lini kuwa mengi hivi?"

"Tangu nimtoe kwa mlezi," Masudi alijibu. Alipolisikia neno lake mwenyewe, akamgeukia mkewe.

"Huyo mlezi alimfanyaje?"

Shamimu ndiye aliyejibu. "Alimficha jua, daktari."

Theonest akavuta kiti. "Ndani ya kila seli ya mwili kuna vinasaba, ni kama maandishi marefu sana. Seli ikitaka kugawanyika, huyanakili yote. Katika kunakili, makosa hutokea. Jua nalo huyaharibu maandishi kila siku, kwangu na kwenu. Lakini seli zetu zina mafundi wanaopita wakikagua: wakiona kipande kibovu, wanakikata na kujaza kizima. Mafundi wanaorekebisha uharibifu wa jua, kwa Samia hawafanyi kazi. Kosa linabaki, seli inalinakili pamoja na mengine, linakuwa la kudumu. Yakirundikana, seli inaweza kusahau kuacha kugawanyika. Ndiyo saratani hii."

"Nani kamfanyia?" Masudi aliuliza.

"Hakuna mtu. Maelekezo ya kutengeneza mafundi hao huja kwa nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Nyinyi kila mmoja ana nzima moja na mbovu moja, na nzima inatosha. Yeye amepata mbovu zote mbili. Mna undugu?"

"Babu yetu mmoja."

"Basi huenda imetoka kwake, au kwa waliomtangulia. Mahali fulani zamani, seli ilikosea kunakili. Basi."

Masudi aliinama. Alikuwa ametafuta adui mtaa mzima.

Kinundu kilitolewa. Jicho halikuokoka.

Samia alipopata nafuu, Masudi alikwenda Ushirombo peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto?"

"Amebaki na jicho moja."

Agnetha aliacha kushona.

"Nilikwambia," alisema. "Nilimwambia na mama yake."

"Nisamehe. Rudi, nikusafishe jina mbele ya watu."

"Kwako sirudi, Masudi. Ulinitukana nikiwepo na nisipokuwepo. Nenda ukaseme kweli hata kama sipo."

Ijumaa, baada ya swala, alisimama nje ya msikiti akasema yote, hata habari za gauni. Wengine walilia. Wengine, Mungu atusamehe, walinong'ona kwamba yule mama kamroga na yeye.

FUNZO

Mtoto ambaye ngozi yake inaungua upesi na kutoka madoa akiwa mdogo, mfunike, mkinge na jua, na mpeleke hospitali mapema. Maradhi mengine huanza na kosa dogo ndani ya seli, ambalo hakuna mkono wa mtu uliolitia. Masudi alikuwa na macho mazuri. Madoa aliyaona sawasawa. Kilichompotosha ni moyo uliokwisha kutoa hukumu kabla ya kuuliza. Na sisi tuliorusha mawe, na sisi tuliosikia yakitua tukaendelea kula, tusijitoe. Katika kupotea kwa jicho la Samia, mkono wetu umo.