Rangi ya Ndolo Ilikataa Kukauka

Rangi ilikataa kukauka. Na hapa ni Kanyangi, mwezi wa tisa, mahali ukitema mate yanakauka kabla hayajagusa ardhi. Ndolo alikuwa amepaka chuma cha gari asubuhi. Jua lilipofika utosini akajaribu kwa kidole, kikatoka chekundu, chenye utelezi, na vuguvugu.

"Rangi siku hizi ni maji," akasema kwa sauti, jirani asikie kwamba kosa si la fundi.

Ndolo huyo! Kwa mdomo, nchi yote ilikuwa yake. Mwaka huo wa themanini na nane ndiye peke yake pale sokoni aliyekuwa na gari la Pijo 504, na Jumamosi alikuwa abebe bibi harusi wa kanisa lao. Alitaka watu waone wekundu ukimeta ndani ya magurudumu, wamuulize, naye ajifanye hataki kusema. Basi akapandisha gari juu ya mawe nyumbani, akafungua kalipa za mbele, vile vyuma vinavyobana diski ili gari lisimame. Moja ilikuwa imekufa. Akaenda Kiboko kwa Mathenge, muuza vyuma vya magari yaliyoanguka.

Mathenge hakumficha. "Hii ilitoka kwa gari ya tajiri fulani wa hii barabara. Watu walisema anafuga jini, na hilo jini lilikuwa linakula watu kupitia breki. Kila mwaka breki inakataa, mtu anaenda. Mwisho likamla mwenyewe. Chukua, lakini isiingie boma kabla wazee wenu hawajainyunyizia ile ng'ondu yenu. Na usipake kitu juu ya hiyo damu."

"Damu gani? Hiyo ni kutu! Mimi nimeokoka, Mathenge. Jini litanijulia wapi?"

Kila Mkamba anajua kwamba chuma kilichoua mtu hulala nje ya boma mpaka kinyunyiziwe ng'ondu, yale maji ya majani na taka za tumboni mwa mbuzi. Hata walokole hufanya, ila wanangoja mchungaji awe safari. Ndolo alijua. Lakini achinje mbuzi kwa sababu ya kutu? Hakusugua hata kwa brashi ya waya. Aliining'iniza kwenye nguzo ya ghala, akalipaka lile doa tabaka mbili huku akipiga mluzi wimbo wa kwaya.

Saa nane mkewe, Mutindi, alitoka jikoni na leso puani. "Baba Muthoki, ni nini inaungua? Inanuka kama lori imeshuka kilima na breki."

"Gari haina hata magurudumu, mama. Kaangalie sufuria yako."

Ndipo wote wawili wakaisikia. Breki ililia, mlio mrefu, mwembamba, wa kukwaruza meno, na hapakuwa na gari barabarani. Mbwa akaingia chini ya kitanda. Walipogeuka, kuku alikuwa ananing'inia kwenye kalipa, shingo imebanwa, miguu bado inakimbia hewani. Kalipa yenyewe haikuwa na bomba la mafuta ya breki, wala pedali ya kukanyagwa. Ikamwachia taratibu, kama mdomo uliomaliza kumeza.

"Itoe bomani," Mutindi akanong'ona. "Mwite mama yako, mwaitu Syokau, aje na ng'ondu."

"Jumamosi ikipita."

"Ndolo, nakuomba."

"Nikaambiwe na kanisa kwamba naogopa chuma? Pika kuku."

Jua likaanza kushuka, harufu ikazidi, na Muthoki, binti yao wa miaka mitatu aliyekuwa akicheza na vizibo vya soda mlangoni, akainua kichwa kama mtoto aliyeitwa kwa jina, akainuka, akapita mbele ya baba yake aliyedhani anamfuata paka, akafika kwenye nguzo ya ghala ambako ile rangi ilikuwa imeanza kudondoka matone mazito yasiyoloanisha mchanga, akacheka, akanyoosha mkono wake mdogo, akauingiza katikati ya vyuma. Kalipa ikajifunga.

Ndolo alitumia mtaimbo. Mtaimbo ukapinda.

Mamake, Syokau, alikuja na mbuzi na kibuyu. Alipoinyunyizia kalipa, ikachemka kama kikaango, na sauti ikatoka ndani ya chuma, ya chini, ya mtu mwenye mchanga kooni. "Nani alinivisha?"

"Umelivisha rangi, mwanangu," Syokau akanong'ona bila kumtazama mwanawe. "Jini likivishwa halitoki bure. Litaachia mkono likipewa mkono. Wa aliyelipaka."

Muthoki alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu.

Ndolo akatazama mikono yake. "Mwaitu, hii mikono ndiyo inalisha hawa watu." Akaitia mfukoni. Yote miwili.

Mutindi hakumtukana. Aliinama, akafungua kopo la rangi, akatumbukiza mkono wake wa kulia hadi kwenye kifundo, akautoa unadondoka wekundu, akausukuma ndani ya kalipa kando ya ule wa mwanawe. "Ni mimi nilikuvisha," akasema.

Chuma kikafunguka. Mtoto akaanguka chini, mzima. Chuma kikajifunga tena, na jinsi Mutindi alivyolia, jirani mpaka leo hawezi kuiga.

Kalipa waliizika ng'ambo ya mto pamoja na kilichokuwa ndani yake. Syokau akanyunyizia mke, mtoto, ghala na mbwa. Alipofika kwa Ndolo akageuza kibuyu chini. "Wewe nitakunyunyizia nini? Jini limedanganywa, lakini linamjua aliyelipaka, na deni lake halina haraka."

Bibi harusi alienda kanisani kwa punda, na akapendeza. Ndolo bado ana mikono yake yote miwili, na bado anajigamba. Ila Jumapili akisalimia waumini, kila mmoja hutazama kiganja chake halafu hujifuta kwa nguo, kwa maana kinatoka chekundu, chenye utelezi, vuguvugu. Na nyumbani, akimnyooshea Muthoki mkono, breki hulia mahali karibu sana, kama ndani ya kifundo cha mkono wake, na mtoto hukimbilia kujificha nyuma ya mama yake, upande ule usio na mkono.