Mmoja Mbele, Mmoja Nyuma

"Nini humu?" karani wa vifurushi aliuliza, akigonga kifuniko cha sanduku la barafu.

Stendi ilikuwa imefurika asubuhi hiyo, na foleni ya vifurushi ilijikunja hadi kwa wauza soda. Mtafiti alikuwa amevaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, maana alishagundua kuwa aliyependeza hasumbuliwi sana na makarani. Akajibu kwa sauti ya chini.

"Sisikii, dada."

"Mavi ya nguruwe."

Foleni ikarudi nyuma kwa pamoja. Akabaki mwanamume mmoja tu, mrefu, shati lake la drafti limenyooka kwa pasi lakini viatu vimejaa tope. Wala hakuziba pua.

"Ya nguruwe wa nani?" akauliza.

"Wa machinjioni. Kwani unawajua?"

"Hao hapana. Wangu ndio nawajua, mmoja mmoja."

Mtafiti alikuwa amezoea kuchekwa. Kuulizwa swali la maana hakukuzoea, na lilimwingia moyoni kabla hajajikinga. Sanduku lilipopokelewa, wakajikuta kwenye benchi la muuza soda, yeye akieleza na mfugaji akisikiliza huku soda yake ikipata moto.

"Utumbo wa nguruwe una bakteria chungu nzima. Wengine wanamnenepesha, wengine wanamharisha. Sasa nani anawachagua? Damu aliyozaliwa nayo, au banda na maziwa aliyokulia?"

"Na usipojua?"

"Profesa amenipa hadi mwisho wa muhula. Nisipompa jibu, nafasi yangu anachukua mwingine, mimi narudi kukaa dukani kwa mama, nauza mapazia."

"Unayapenda mapazia?"

"Siyapendi hata kidogo."

"Basi njoo bandani kwangu," mfugaji alisema. "Nina majike, wote wanakaribia kuzaa."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanzia bandani. Watoto wa nguruwe walipozaliwa na kuchangamka kidogo, wawili hao waligawana kazi. Mfugaji alimpakata mtoto, akimshika kichwa na miguu ya mbele na kumnong'oneza upuuzi. Mtafiti, ndani ya magwanda na mabuti, alishughulika upande wa pili na kijiti chake cha pamba. Pamba ikiingia kichupani, alisema, "Andika chumba alichotoka," naye mfugaji akaandika. Kila jike alikuwa na chumba chake, kwa hiyo kwake mtafiti chumba ndicho kilichomwambia mama ni nani.

Jioni simu zilikuwa hazikatiki.

"Mama Vijidudu, umekula?"

"Nimekula, laazizi. Malkia je?"

"Naona unamuulizia nguruwe kabla yangu."

"Wewe nakusikia kabisa kwamba u mzima."

Mama yake mtafiti, akishona pindo la pazia, alimsikia binti akicheka chumbani peke yake na kuelewa kila kitu.

Majibu ya maabara yakaja, yakamkata maini. Watoto wa chumba kimoja walifanana bakteria karibu wote, lakini katika kila chumba walikuwemo baadhi wenye kundi la bakteria ambalo ndugu zao hawakuwa nalo. Profesa alivua miwani.

"Sampuli zimechanganywa. Nani aliandika vichupa?"

Mtafiti alitoka ofisini mashavu yakimwaka moto, akapiga simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Umeniharibia kazi. Umechanganya vichupa."

"Mimi? Niliandika ulivyoniambia, neno kwa neno."

"Nilionywa nisimwachie mfugaji kazi ya maabara."

"Sawa," mfugaji alisema. "Sasa umemjua mfugaji wako." Akakata.

Mtafiti alilia, tena sana, usiku wote. Asubuhi akanawa uso. Kurudi kwenye mapazia hataki, na kazi mbovu hataki vilevile. Angerudia sampuli zote, hata kama ingebidi amshike nguruwe kwa meno. Akavaa mabuti yake, akaenda.

Alimkuta mfugaji akifagia. Walisalimiana kama watu wasiojuana waliopishana mlangoni mwa benki.

"Nimekuja kurudia."

"Banda liko wazi. Ila leo sikushikii."

"Sijakuomba."

Akaingia chumba cha Malkia, akamdaka mtoto wa kwanza. Mtoto akapiga kelele za kutoa roho, akajipindua, akamgeuzia kichwa kifuani. Mtafiti akajikuta ana kwa ana naye, labda kwa mara ya kwanza. Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili midogo iliyopona zamani. Akamtazama jirani yake. Huyo alikuwa na mkato mmoja.

"Mikato hii ni ya nini?"

Mfugaji hakuacha kufagia. "Alama ya mama yake. Naikata siku anayozaliwa."

"Mama yake si Malkia?"

"Huyo wa mikato miwili? Malkia amemnyonyesha tu. Aliyemzaa ni Shangazi, chumba cha pili. Alizaa wengi kuliko chuchu zake, nikahamisha. Nao wakubwa wa Malkia waliokuwa wakiwanyima wenzao nafasi nikawapeleka kwa Shangazi. Watoto wa vyumba vyote nimewahamisha hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kila mfugaji anahamisha. Ni sawa na kukwambia nawapa maji." Sasa akaacha ufagio. "Na wewe miezi yote hii hukuona masikio?"

"Masikio yalikuwa upande wako," alisema polepole. "Mimi nilikuwa nyuma."

Mfugaji alijitahidi asicheke, ikamshinda. Mtafiti naye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto mapajani, akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Unajua umefanya nini? Damu ya mama mmoja, maziwa ya mwingine. Ndicho nilichokuwa natafuta. Bakteria wengi wamefuata banda, ila lile kundi moja, kama limefuata masikio, basi ni damu." Kisha akamtazama usoni. "Nilikukosea. Neno lile la mfugaji lilikuwa la dharau, na wewe hukustahili. Nisamehe, mpenzi wangu."

"Liliniuma," mfugaji alikiri. "Hata Malkia nilimnyima stori." Akavuta ndoo nyingine, akakaa. "Haya, lete nishike."

"Hapana. Leo nashika mbele. Wewe nenda nyuma ukajionee."

Walichukua sampuli zote upya, safari hii wakiandika na alama za masikio kwenye vichupa, wakazipeleka maabara. Kundi lile kaidi lilikuwa limewafuata watoto wa Shangazi kila chumba walichopelekwa. Profesa alisoma, akavaa miwani, akasoma tena, akaagiza uzao wa pili uanze kupimwa mara moja.

Ndiyo maana walirudi stendi, gauni la manjano na shati la drafti, sanduku katikati yao. Karani alimtambua dada.

"Najua kilichomo," alisema, akijisogeza nyuma kidogo. "Ya nguruwe wa nani leo?"

"Wetu," mtafiti alijibu.

Mfugaji akamgeukia. "Umesema wetu?"

"Nimesema wetu."

"Mbele ya karani na foleni nzima?"

"Wakishuhudia wote. Wewe je, unakuja kwa mama lini?"

"Jumapili," mfugaji alisema. "Nikavue tope kwanza."

"Njoo na tope lako," mtafiti alisema, akasukuma sanduku mbele.