Mstari Usio na Mwandishi

Alhamisi ile, orodha ya mabadiliko ilikuwa na mstari mmoja zaidi: "Kimeondolewa: sauti ya mlinzi."

Ofisini walikuwa wanne, wakitengeneza programu ya kupimia dozi za dawa za watoto. Kila Alhamisi alasiri, kabla ya kutoa toleo jipya, mtunza orodha alisoma kila badiliko kwa sauti. Wenzake walijibu mmoja mmoja, "Upite," naye akafunga kwa kulisema neno hilo wa mwisho. Walimwita Bi Nukta, maana nukta iliyokaa vibaya ilimnyima raha. Siku hiyo, hata hivyo, alisoma akili ikiwa nyumbani kwa mdogo wake, na wenzake wakaupitisha mstari ule, macho yakiwa kwenye simu.

Walipotoka, mlinzi alifungua kinywa kuwaaga. Hakikutoka kitu.

Alhamisi ya pili ukapita mstari wa kuondoa usingizi wa mjaribu wa programu. Siku ya sita bila kufumba jicho, macho yakiwa mekundu, alimwomba Bi Nukta afukue orodha za nyuma. Mistari yote miwili ilikuwepo, haina mwandishi. Mkuu wa kazi alicheka, akasema kuna mtu humu hana kazi.

Alhamisi ya tatu Bi Nukta aliikagua orodha mara nne. Ilikuwa safi. Alipofika katikati ya kusoma, chumba kikanuka waya ulioungua na udongo wa shimo, mstari ukaota mbele ya macho yake, na ulimi wake ukausoma kabla hajauzuia: "Kimeondolewa: mdogo wake Bi Nukta."

"Upite," alisema mkuu, kwa mazoea.

"Upite," akasema mjaribu, nusu mfu.

"Upite," akasema mchoraji wa kurasa, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Simu ililia. Alikuwa mdogo wake, akinong'ona. "Dada, jirani kaingia, kaketi nusura anikalie. Namsemesha, hasikii. Nimekosa nini?"

"Kaa hapo hapo, mdogo wangu. Usikate simu."

Hapo sauti ya mlinzi ikasema kutoka ukutani, nzito, tamu, ikizunguka viti vyao kimoja baada ya kingine, ilhali mlinzi mwenyewe walimwona kupitia kioo, ameketi mlangoni, midomo imefungwa, machozi yanamtiririka: "Amebaki mmoja. Sema, mama. Mbona yale mawili mliyasema vizuri tu?"

Bi Nukta aliilaza simu mezani, bila kuikata.

"Yale tuliyasema bila kusikiliza. Leo nasikiliza. Haupiti."

Taa zikafifia, naye akaufuta mstari, ukarudi, akaufuta, ukarudi, akaacha kuufuta akaandika chini yake, kwa jina lake, nukta mahali pake, akisoma kila neno: "Umekataliwa mstari wa juu. Imerudishwa sauti ya mlinzi. Umerudishwa usingizi wa mjaribu. Ameondolewa asiye na kiti humu ndani. Na leo kila mtu ananitazama akijibu."

Walimtazama. "Upite," walisema, mmoja mmoja. Akafunga yeye.

Nje mlinzi alikohoa, akaita jina la Mungu. Mjaribu alishalala juu ya meza.

"Dada," simu ikasema, "jirani anapiga kelele eti nimetokea wapi."

Bi Nukta alicheka, kisha akaitazama skrini. Chini ya jina lake, mstari mtupu ulikuwa umefunguka wenyewe, alama ya kuandikia ikipepesa.

Akavuta kiti karibu.

"Andika," alisema. "Nitasoma."